UFUGAJI: Mpime sungura kabla ya kupima kizimba

KATIKA mtaa wa Huruma, ulioko Eastlands jijini Nairobi, chumba cha kawaida cha kupanga huwa na ukubwa wa takribani futi kumi kwa kumi. Humo ndimo familia hulala, hupika, hula na kuhifadhi mali yake yote. Si ajabu basi kwamba mkazi wa mtaa huo anapoamua kufuga sungura, swali la kwanza analojiuliza ni hili: nafasi iliyobaki ni kiasi gani? Hupima pengo lililo kati ya kitanda na ukuta, au kona ya roshani, kisha humwita seremala amtengenezee kizimba cha kuingia hapo.

Hesabu hiyo imeanzia mahali pasipofaa. Kizimba hakipimwi kwa nafasi aliyo nayo mfugaji, bali kwa mwili na mwendo wa mnyama atakayeishi ndani yake. Anayeanza kwa kupima ukuta huishia kuwa na sungura mgonjwa, mama anayewakanyaga watoto wake, na harufu inayowafanya majirani wapande ngazi kulalamika. Anayeanza kwa kumpima sungura huenda akagundua kwamba nafasi yake inatosha wawili tu, au mmoja, au hata hakuna. Heri kuligundua hilo kabla ya kununua mbao na nyavu kuliko baada.

Kwa nini sungura hasa

Miongoni mwa mifugo inayoweza kukaa katika mitaa ya majumba marefu, sungura ana sifa zinazowavutia wengi. Hana kelele kama jogoo. Hula majani, nyasi na masalio ya mboga. Nyama yake ni nyeupe na haina mafuta mengi, samadi yake ni mbolea nzuri, na mkojo wake hukusanywa na wakulima kwa ajili ya kunyunyizia mimea. Watoto humpenda, na wazazi wengi wa Kenya wanakumbuka sungura waliofugwa shuleni katika vyama vya 4K.

Mnamo miaka ya mwanzo ya muongo wa 2010, ufugaji wa sungura ulipata umaarufu mkubwa nchini. Wengi waliingia kwa pupa wakitarajia soko tayari, na wengi walitoka kimya kimya soko lilipokosekana. Miongoni mwa mafunzo ya kipindi hicho ni kwamba mnyama huyu huzaana haraka kuliko mfugaji anavyoweza kujenga vizimba. Jambo hilo ndilo kiini cha makala haya, kwani kizimba kilichotosha mwezi wa kwanza huweza kuwa gereza mwezi wa tatu.

Mnyama mwenyewe ni nani

Sungura anayesimuliwa katika ngano zetu, yule mjanja aliyewashinda fisi na simba, ni sungura wa porini wa Afrika. Huyo huishi juu ya ardhi na hutegemea mbio. Sungura wa kufugwa asili yake ni sungura wa Ulaya, hasa rasi ya Uhispania na Ureno, ambaye huchimba mashimo na kuishi ndani yake pamoja na wenzake. Ikumbukwe pia kwamba kumkamata na kumweka mnyama wa porini bila idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni kinyume cha sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Anayezungumziwa hapa ni yule wa kufugwa pekee.

Asili hiyo ya kuchimba mashimo ina maana kubwa kwa mjenzi wa kizimba. Sungura ni mnyama anayewindwa na karibu kila mla nyama, kwa hivyo anahitaji mahali penye giza pa kujificha anaposikia kishindo. Hata hivyo, shimo si maisha yake yote. Hutoka alfajiri na jioni akaruka, akasimama kwa miguu ya nyuma ili kuangaza, akajinyoosha na kula kwa saa nyingi. Miguu yake ya nyuma imeumbwa kwa kuruka. Akifungiwa mahali asipoweza kuruka, mifupa hudhoofika, misuli hulegea na tumbo hufanya kazi polepole. Tumbo likisimama, sungura anaweza kufa kwa siku chache.

Mnamo mwaka 1964, mwandishi Ruth Harrison wa Uingereza alichapisha kitabu kilichofichua hali ya mifugo iliyofungiwa katika vizimba vidogo. Serikali ya nchi hiyo iliunda kamati iliyoongozwa na Profesa Roger Brambell, nayo ikatoa ripoti yake mwaka 1965. Kamati hiyo ilisema kwamba kila mnyama wa kufugwa anapaswa angalau kuweza kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo vyake. Ni mambo matano mepesi kuyakumbuka, na mfugaji wa Huruma anaweza kuyatumia kukikagua kizimba chochote bila kuwa na kifaa isipokuwa macho yake.

Jinsi ya kumpima

Chukua kamba au futi ya fundi cherehani. Subiri sungura apumzike, ajinyooshe ubavu kama afanyavyo wakati wa joto la mchana. Pima kutoka puani hadi ncha ya miguu ya nyuma. Hicho ndicho kipimo cha kwanza. Kisha mpe jani la sukuma wiki juu ya kichwa chake ili aketi wima, upime kutoka sakafuni hadi ncha ya masikio. Hicho ndicho kipimo cha pili.

Kutokana na vipimo hivyo viwili, kizimba hupatikana hivi. Urefu wake uwe angalau mara mbili ya sungura aliyejinyoosha. Upana wake uzidi kidogo urefu wa sungura aliyejinyoosha, ili aweze kulala akielekea upande wowote na kugeuka bila kusugua ukuta. Kimo chake kizidi ncha ya masikio kwa angalau sentimita tano.

Tuseme una sungura wa kilo nne, ambao ni uzito wa kawaida wa aina kama New Zealand White na California White, naye akijinyoosha anafika sentimita 60. Kizimba chake kitakuwa na urefu wa sentimita 120, upana wa takribani sentimita 75 na kimo cha sentimita 60. Kwa lugha ya seremala, hiyo ni futi nne kwa futi mbili na nusu, na kimo cha futi mbili. Sakafu yake ni futi 10 za mraba.

Kwa sungura mdogo kama wa aina ya Dutch, mwenye uzito wa kilo mbili hadi mbili na nusu, huenda kipimo kikawa sentimita 45. Huyo atahitaji takribani futi tatu kwa futi mbili. Kwa upande mwingine, sungura mkubwa wa aina ya Flemish Giant huweza kupita kilo sita. Akijinyoosha kwa sentimita 80, atataka kizimba cha zaidi ya futi tano kwa futi tatu. Sakafu ya kizimba hicho kimoja itameza takribani sehemu moja ya sita ya chumba cha futi kumi kwa kumi. Ni dhahiri kwamba sungura jitu si mnyama wa chumba kimoja, hata kama bei yake inavutia.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kununua sungura akiwa na umri wa wiki nane na kumtengenezea kizimba cha umri huo. Mnyama huyo bado hajafikia nusu ya uzito wake. Usimpime mtoto, mpime mama yake, au muulize muuzaji uzito wa wazazi wote wawili.

Kizimba si uwanja

Vipimo vilivyotajwa ni vya mahali pa kulala, kula na kupumzika. Havitoshi kuwa dunia nzima ya sungura. Wataalamu wa sungura wa nyumbani husema kwamba mnyama huyu anapaswa kuweza kuruka angalau mara tatu mfululizo bila kugonga ukuta. Kwa sungura wa sentimita 60, hiyo ni kama sentimita 180, yaani futi sita hivi.

Nchini Uingereza, shirika linaloshughulikia maslahi ya sungura wa nyumbani hupendekeza eneo la mita tatu kwa mita mbili, lenye kimo cha mita moja, kwa sungura wawili. Hizo ni mita sita za mraba. Chumba cha futi kumi kwa kumi kina takribani mita 9.3 za mraba. Kwa maneno mengine, sungura wawili wangechukua karibu thuluthi mbili ya chumba ambamo mama, baba na watoto wanaishi.

Mkazi wa Huruma akisoma pendekezo hilo atacheka, na ana haki ya kucheka. Lakini asilitupe. Lichukuliwe kama kumbusho kwamba kizimba peke yake ni kidogo mno, hata kikijengwa vizuri. Njia iliyopo ni kumtoa sungura kila siku kwa saa kadhaa. Jioni, vyombo vikishaoshwa, mkeka unaweza kuondolewa na sungura akaachiliwa sakafuni huku mlango umefungwa. Ujia wa ghorofa unaweza kutumika ikiwa majirani wamekubali na ngazi imezibwa kwa ubao. Juu ya paa tambarare, ua la kukunjwa la mbao na wavu, lenye urefu wa futi sita au zaidi, linaweza kusimamishwa asubuhi na kukunjwa jua linapokuwa kali.

Ndani ya chumba kuna mambo mawili ya kuangaliwa kabla ya kumfungulia. Nyaya za umeme ziinuliwe, kwani meno ya sungura hukua maisha yake yote naye hutafuna kila kitu. Jiko la makaa au la mafuta liwe limezimwa na kupoa.

Vitu vinavyopunguza nafasi

Seremala anapotaja kizimba cha futi 10 za mraba, anataja sakafu tupu. Sungura hapati nafasi hiyo yote. Bakuli la chakula, chombo cha maji, nyasi na mahali pa kujificha huchukua sehemu yake. Kisanduku cha kuzalia, chenye urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 30, humeza zaidi ya futi moja ya mraba. Kwa hivyo nyasi ziwekwe katika kihori kilichotundikwa nje ya wavu, na chupa ya maji ifungwe upande wa nje huku mdomo wake ukiingia ndani.

Sakafu nayo ina neno. Wavu mwembamba wa kuku haufai. Hukata nyayo, hulegea kwa uzito na sungura huutafuna. Wafugaji wengi hutumia wavu wa kuanikia kahawa au wavu imara wa nyaya zilizochomelewa, wenye matundu ya sentimita 1.25 kwa 2.5, ambao hupitisha kinyesi bila kuunasa mguu. Hata wavu huo, sungura akiukalia usiku na mchana, huweza kumletea vidonda vya nyayo. Wekea ubao laini sehemu moja, wa kutosha sungura kulala juu yake, nao uoshwe na kuanikwa mara kwa mara.

Kizimba cha chini kabisa kiinuliwe angalau sentimita 60 kutoka ardhini. Huruma ina panya, na panya huua vitoto vya sungura usiku. Vizimba vikipangwa viwili, kimoja juu ya kingine, pawe na nafasi ya sentimita 15 hadi 20 kati yake na bati lililoinama la kupokea mkojo. Bila bati hilo, sungura wa chini ataoga mkojo wa wa juu, na hakuna ukubwa wa kizimba utakaomwokoa na maradhi ya mapafu.

Hesabu ya wanaozaliwa

Hapa ndipo wafugaji wengi huanguka. Mtu hununua dume na jike, akawaweka pamoja katika kizimba kimoja kikubwa, akadhani amewatendea wema. Mimba ya sungura huchukua takribani siku 31. Jike huzaa vitoto sita hadi kumi, na anaweza kupata mimba tena ndani ya saa 24 baada ya kuzaa. Ikiwa dume bado yumo, siku 31 baadaye huzaliwa kundi la pili, la kwanza likiwa bado linanyonya. Kwa hivyo katika miezi miwili hivi, sungura wawili wanaweza kuwa 16. Kizimba hakijapanuka hata kidogo.

Dume aishi peke yake. Jike ndiye hupelekwa kwa dume kwa dakika chache, kisha hurudishwa kwake. Akipelekewa dume katika kizimba chake, jike huona himaya yake imevamiwa na huweza kumshambulia. Kisanduku cha kuzalia kiingizwe siku ya 28. Kizimba kikiwa chembamba, mama hukosa pa kukaa mbali na watoto wake, hukanyaga baadhi yao, na wengine hufa kabla ya kufumbua macho.

Tuchukue mfano wa mfugaji aliyeruhusiwa kutumia kona ya futi nane kwa futi tatu. Anaweza kuweka vizimba viwili vya futi nne sambamba, na vingine viwili juu yake. Jumla ni vizimba vinne. Wengi wangesema hapo pana nafasi ya majike manne. La. Kimoja ni cha dume, viwili ni vya majike, na cha nne lazima kibaki kwa vitoto walioachishwa kunyonya.

Vitoto huachishwa wakiwa na wiki sita na hukaa katika kizimba cha nne hadi wiki ya 12, kabla madume na majike hawajaanza kupandana. Kila kundi basi hutumia kizimba hicho kwa wiki sita. Mwaka una wiki 52. Ukigawanya, na kuacha siku za kukisafisha na kukianika, kizimba hicho kinaweza kupokea makundi manane tu kwa mwaka, yaani makundi manne kwa kila jike. Mfugaji akitaka makundi zaidi, hana budi kuongeza kizimba kabla ya kuongeza mimba. Na iwapo majike wote wawili watazaa wiki moja, kundi moja litakosa makao.

Kuna pia hesabu ya soko. Ikiwa wateja wa nyama hawapatikani wiki ya 12 inapofika, kizimba cha nne hakitakuwa wazi kwa kundi linalofuata. Msongamano huanzia sokoni na kuishia kizimbani. Ndiyo maana mwenye busara huwatafuta wanunuzi kabla ya kumpeleka jike kwa dume.

Kwa wanaofuga kwa mapenzi tu, bila nia ya kuzalisha, hesabu ni rahisi zaidi. Sungura hapendi upweke, kwa hivyo wafae kuwa wawili: majike wawili waliolelewa pamoja, au jike na dume aliyehasiwa na daktari wa mifugo. Madume wawili wazima wasiohasiwa hupigana hadi kujeruhiana vibaya.

Joto, maji na majirani

Ukubwa wa kizimba hauwezi kutenganishwa na mahali kinapowekwa. Sungura huvumilia baridi ya Julai kuliko jua la Februari. Hatokwi na jasho kama binadamu. Hupoza mwili hasa kwa masikio na kwa kuhema. Joto likizidi nyuzi 30 za Selsiasi huanza kuteseka. Juu ya paa, chini ya bati lisilo na kizuizi, joto hilo hufikiwa kwa urahisi. Weka gunia au ubao chini ya bati, acha pengo la hewa, na ziba upande wa upepo na mvua. Katika kizimba kipana, sungura huweza kulihama jua. Katika kizimba chembamba, jua likimfikia hana pa kwenda.

Maji nayo huweka mpaka. Sungura wa kilo nne hunywa karibu nusu lita kwa siku, na jike anayenyonyesha huhitaji maji mengi zaidi. Vizimba vinne vilivyotajwa vinaweza kutumia lita tatu au nne za kunywa kila siku, na bado hujahesabu maji ya kuosha. Katika mtaa ambako maji hununuliwa kwa mtungi mifereji inapokauka, gharama hiyo iandikwe daftarini pamoja na ya chakula.

Kisha kuna jirani wa chini. Mkojo wa sungura ukivuja kutoka roshani ya ghorofa ya nne, huangukia nguo zilizoanikwa ghorofa ya tatu. Pata idhini ya mwenye nyumba kwanza, ikiwezekana kwa maandishi, na uzungumze na wapangaji wa juu, chini na pembeni. Sheria ya Kaunti ya Jiji la Nairobi ya mwaka 2015 kuhusu kilimo cha mjini inatambua na kudhibiti kilimo na ufugaji ndani ya jiji. Afisa wa mifugo katika eneo lako ndiye wa kukueleza masharti yake. Nayo sheria ya taifa ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, inafanya kuwa kosa kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Sungura hana sauti ya kulalamika, lakini sheria imemhesabu.

Mwenye nyumba anapouliza maswali kuhusu uzito, asichukuliwe kuwa mkorofi. Huruma haijasahau Aprili 29, 2016, jumba la makazi lilipoporomoka usiku wa mvua kubwa na kuua watu wapatao 50. Sungura wanne wa kilo nne wana kilo 16 tu, na mbao na nyavu si mzigo mkubwa. Lakini vizimba vya mawe na saruji, pamoja na tenki la ziada la lita 1,000 ambalo likijaa huwa na tani nzima ya maji, ni jambo jingine kabisa. Juu ya paa na roshani jenga kwa mbao na wavu pekee, na usiegemeze chochote kwenye ukuta wenye nyufa.

Dalili za kizimba kidogo

Aliyekwisha kujenga anaweza kukikagua kizimba chake leo. Je, sungura huketi akiwa amejikunyata muda wote? Masikio yake hukunjwa na dari? Hung'ata nyaya bila kukoma? Manyoya ya tumbo yana kinyesi? Nyayo zimepoteza manyoya au zina vidonda? Jike aliyekuwa mpole ameanza kung'ata mkono? Wanyama hupiga chafya na macho yao hutoa machozi? Inama hadi pua yako iwe sawa na pua ya sungura, kisha vuta pumzi. Ukisikia hewa kali ya mkojo ikichoma macho, kumbuka kwamba yeye huivuta usiku na mchana.

Dalili moja inaweza kuwa na sababu nyingine, na daktari wa mifugo aulizwe. Dalili mbili au tatu zikionekana pamoja, mara nyingi tatizo ni nafasi. Msongamano pia hueneza ugonjwa wa koksidia, unaoharisha na kuua vitoto wengi, kwa kuwa vijidudu vyake hupitia kinyesi. Dawa ipo, lakini haifui dafu mbele ya kizimba kilichojaa.

Tiba ya msongamano ni mbili tu: kuongeza nafasi au kupunguza idadi. Katika mtaa kama Huruma, ambako kila futi ya sakafu hulipiwa kodi, ya kwanza mara nyingi haiwezekani. Kwa hivyo ni ya pili. Sungura wawili katika kizimba cha haki watakula vizuri, watazaa vitoto watakaoishi, na watamlipa mfugaji kuliko wanane waliobanana. Mtaka yote hukosa yote, na katika ufugaji wa mjini methali hiyo hutimia haraka.

Anayetaka kuanza basi afuate utaratibu huu. Ampime sungura mzima wa aina anayoitaka. Azidishe vipimo kama ilivyoelezwa. Aongeze kizimba kimoja kwa ajili ya vitoto ikiwa ana nia ya kuzalisha, na mahali pa kuruka kila jioni. Apate idhini ya mwenye nyumba na ridhaa ya majirani. Ndipo aende Gikomba kutafuta mbao. Iwapo hesabu hiyo itamwonyesha kwamba chumba chake hakina nafasi hata ya sungura mmoja, asubiri hadi siku atakapokuwa na nafasi. Mbao hazitaisha Gikomba, na sungura hawatakwisha nchini.